Mbingu ilifunga, lakini barabara nani aliifunga?

(Maneno yaliyosemwa na mwanaharakati wetu mmoja mbele ya vijana wa Bweremana, territoire ya Masisi. Wenzetu wa Goma na Bukavu waliyaomba kwa maandishi. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Wamama, wababa, aksanti kwa kukubali kukaa nyuma ili vijana wakae mbele. Mmefanya kinyume cha desturi na tumeona.

Jana jioni nilipofika hapa nilienda kwanza sokoni. Nikasimama kwa mama mmoja anayeuzisha maharagwe, nikauliza bei ya kipimo kimoja. Alipoitaja nikanyamaza. Akaona nimenyamaza, akasema: "Mwanangu, mbingu imetukataa." Kisha akanielezea. Msimu A mvua ilikuja kama kawaida, watu wakapanda, shamba likapendeza, halafu mvua ikakatika wakati ule ule maua yanatoka. Wote hapa ni watoto wa wakulima, mnajua: haragwe likikosa maji wakati wa maua, maua yanaanguka, na hata mvua ikirudi kesho yake, haitakurudishia kitu.

Sikubishana na yule mama. Yeye ndiye aliyekuwa shambani, si mimi. Lakini neno lake lilinifuata usiku, kwa sababu ni neno ambalo wakubwa nao wameanza kulipenda sana. Kila njaa ikitokea, redioni unasikia: ni mabadiliko ya tabianchi, ni ukame, ni mvua. Mama akisema hivyo anaomboleza. Mkubwa akisema hivyo, mara nyingi anajitoa. Maneno ni yale yale, kazi yake si moja.

Ninajua kuna mtu hapa anajiuliza: ukame gani, na ziwa lote hili mbele yetu? Swali zuri. Lakini haragwe la kule juu mlimani halinywi maji ya Kivu. Linakunywa mvua tu. Unaweza kulala njaa huku unasikia mawimbi.

Sasa mnivumilie, nitaenda mbali kidogo halafu nitarudi.

Kule Amerika ya kati, sehemu ambayo leo ni Guatemala, Belize na kusini mwa Mexico, kulikuwa na watu wanaoitwa Wamaya. Wako hadi leo, ni mamilioni, wanaongea lugha zao. Ninasema hivyo mapema kwa sababu filamu zinawaonyesha kama watu waliopotea. Kilichopotea ni miji yao mikubwa ya kusini. Walijenga mapiramidi ya mawe, waliandika, walihesabu siku na nyota vizuri sana. Wafalme wao walichonga mawe na kuandika tarehe: siku fulani niliketi kwenye kiti, siku fulani nilimshinda fulani. Halafu mawe yanapungua. Mji wa Tikal, jiwe la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 869. Katika eneo lote la kusini, la mwisho kabisa linapatikana Toniná, mwaka 909. Baada ya hapo, kimya. Msitu ukameza nyumba.

Kwa muda mrefu watu waliuliza: nini kilitokea? Mwaka 1995 watafiti watatu, Hodell, Curtis na Brenner, walitoa jibu moja kutoka kwenye matope. Walichimba chini ya ziwa Chichancanab, katika rasi ya Yucatán. Matope ya ziwa yanakaa tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka. Na jambo lenyewe si la kichawi. Weka sufuria ya supu kwenye makaa, usahau. Maji yanapungua, chumvi inabaki, supu inakuwa kali. Ziwa nalo ni hivyo. Mvua ikipungua, madini yaliyomo yanajikusanya hadi yanaganda na kuanguka chini. Wakaona tabaka hizo za madini zinaangukia kati ya mwaka 800 na 1000, wakati ule ule miji inakufa. Mwaka 2018 wengine wakarudi kwenye ziwa lile lile na kupima vizuri zaidi, wakakadiria kwamba mvua ilipungua karibu nusu, na katika miaka mibaya kabisa ikapungua hata asilimia 70.

Nusu ya mvua! Hebu fikirieni milima yetu na nusu ya mvua.

Kwa hiyo kesi imefungwa? Watu wengi wanaishia hapo. Mimi pia niliishia hapo niliposoma mara ya kwanza. Lakini kuna mji mmoja unaniharibia hadithi hiyo, na ndio ninaoupenda kuliko yote: Dos Pilas. Mji huo haukungoja ukame. Wafalme wa eneo lile walikuwa wanapigana miaka na miaka, na mwaka 761 nyumba ya kifalme ya Dos Pilas ikaanguka. Mfalme akaondoka. Watu waliobaki walifanya nini? Walikwenda kwenye mahekalu na kwenye jumba la mfalme, wakang'oa mawe yale mazuri ya kuchongwa, wakayapanga kuwa ukuta katikati ya uwanja, na nyuma ya ukuta wakajenga vibanda vya kujificha. Jumba la mfalme likawa matofali ya kambi.

Mnaona kambi hiyo? Mimi ninaiona, na sihitaji kwenda Guatemala. Na angalieni tarehe: 761. Ukame mkubwa unakuja baadaye. Ulipofika, ulikuta watu ambao tayari hawawezi kulima mbali na ukuta, kwa sababu ukienda mbali unauawa. Ukuta unalinda mtu, lakini hauoteshi mahindi.

Ukame huo haukuwa uongo, matope hayadanganyi. Lakini ulikuja kama mgeni katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umeshavunjwa.

Tuje karibu. Historia yetu nayo inasomwa katika matope. Ziwa Naivasha, kule Kenya, lilichimbwa, na mwaka 2000 yakatangazwa matokeo ya miaka zaidi ya elfu moja: ukame mrefu kutoka karibu mwaka 1000 hadi 1270, halafu maji mengi, yakikatwa na vipindi vikavu vitatu: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, 1760 hadi 1840. Na ziwa Edouard, hili letu, la Vitshumbi na Kyavinyonga, ambalo wengi wenu mmekula samaki wake, lilichimbwa pia. Linatoa hadithi nyingine: kutoka karibu 1400 hadi 1750 huku upande wa ndani kulikuwa kukavu, wakati sehemu kubwa ya muda huo Naivasha ilikuwa imejaa. Kwa hiyo mtu akikuambia "Afrika ya mashariki ilikuwa na ukame", muulize: upande gani wa mlima?

Sasa vukeni mpaka, upande wa mashariki wa ziwa Edouard, ndani ya Uganda. Kuna mahali panaitwa Ntusi. Leo ni malisho ya ng'ombe na vilima viwili vikubwa vya takataka za kale. Msicheke, takataka ndiyo kitabu cha mtu wa kuchimba historia. Ndani yake kuna mifupa mingi ya ng'ombe, kuna mawe ya kusagia mtama, vyungu, mabaki ya chuma, hata shanga za kutoka pwani ya bahari. Watu waliishi pale kwa wingi kutoka karibu karne ya 11. Si mbali na hapo, kwenye mto Katonga, kuna Bigo: mitaro iliyochimbwa kwa mikono, ukiijumlisha inapita kilomita 10, na sehemu nyingine wamekata ndani ya mwamba. Nani alichimba? Masimulizi ya kule yanasema Bachwezi, wafalme wa Kitara, akina Ndahura na Wamara, ambao siku moja waliondoka na hawakuonekana tena. Wengine wanasema waliingia ziwani. Wazee wetu wa Kivu wanaojua mambo ya Ryangombe wamewasikia watu hao.

Karibu na karne ya 15 hivi, Ntusi inaachwa. Ziwa Edouard linaanza kukauka karibu wakati huo huo. Hapo moyo wa mtu unaruka: ndiyo Wamaya wetu! Ukame ulifukuza Bachwezi!

Wasomi wameliandika wazo hilo, la kwamba mvua na siasa za nchi ile zilienda pamoja, na mimi ninaliheshimu. Lakini tulihesabu tena. Ukame wa upande wetu, kama ziwa linavyosema, uliendelea hadi 1750 hivi. Miaka mia tatu na zaidi. Na ndani ya miaka hiyo hiyo mikavu ndipo Bunyoro inakua, Nkore inakua, Rwanda inakua. Kama ukame unaangusha falme, kwa nini hizi zilisimama ndani yake? Kuna kitu kingine kati ya mbingu na tumbo.

Kitu kimoja ninachokiona ni hiki. Watu wa Ntusi walipoona mahali pale hapafai, waliweza kuondoka. Walitawanyika na ng'ombe wao, wakatafuta majani na maji kwingine. Mji ulikufa, watu hawakufa na mji. Ukisoma vitabu unaona neno "anguko", unafikiri vilio. Huenda kwa mama mwenye mtungi kichwani lilikuwa ni kuhama tu, kuchungu lakini kunawezekana. Hakuna mtu aliyesimama njiani kumwomba jetoni.

(Hapo watu walicheka. Nami nilicheka. Lakini tuendelee.)

Mfano wa mwisho ni mchungu na uko karibu sana, kwa hiyo nitausema polepole. Mwaka 1943 mvua zilikatika Rwanda. Viazi navyo vikapata ugonjwa. Njaa iliyofuata iliitwa Ruzagayura, ikaenda hadi mwisho wa 1944. Hesabu ya chini kabisa inasema watu 36,000 walikufa, wengine wanaandika 50,000, na kuna wanaofika 300,000. Sababu ya kwanza: ukame. Wabelgiji waliandika hivyo na si uongo. Lakini ilikuwa vita ya dunia, na serikali hiyo hiyo ya Wabelgiji ilikuwa inadai chakula kitoke vijijini kwenda kulisha wafanyakazi wa Kongo, inadai mikono ya watu kwa kazi za lazima. Upande wetu wa Kongo, siku za kazi ya lazima kwa mwanakijiji ziliongezwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Siku 120! Hiyo ni miezi minne ambayo jembe lako si lako. Halafu mvua ikikosekana wanaandika ripoti: ukame.

Watu walikimbia njaa hiyo, wengi wakavuka kuja huku. Kabla yake, kutoka 1937, Wabelgiji walikuwa tayari wanaleta familia kutoka Rwanda kwenye milima ya Masisi, kwa mpango wao, kwa faida ya mashamba yao makubwa. Sitaji mambo haya ili kufungua maneno ya nani alikuja lini. Maneno hayo yametuzika vya kutosha. Ninataja kwa sababu kuna familia katika milima hii ambazo ziko hapa kwa sababu mvua ilikosekana na mtu mwenye cheo akachukua chakula kilichobaki. Na kuna familia nyingine zilipoteza ardhi katika mpango huo huo. Wote wawili waliumizwa na ofisi moja, na leo wanatazamana kwa jicho baya wao kwa wao. Ofisi yenyewe ilishafunga mlango, ikapanda ndege.

Basi, nirudi kwa mama wa maharagwe.

Maharagwe yake yalikuwa kidogo kwa sababu ya mvua. Sawa. Lakini nilimuuliza swali la pili: mwaka ambao huku hakuna, si kuna mahali pengine ambapo yamekubali? Akasema yapo, milima ya juu kuna mvua. Kwa nini hayafiki? Akanihesabia kwa vidole. Shamba la dada yake liko kule juu lakini dada yake yuko kambini, hakuna aliyelima. Jirani amelima, lakini gunia likitelemka linakutana na bariyeri, halafu bariyeri nyingine, halafu nyingine. Ya Leta, ya wasio Leta, ya kijana mwenye kamba tu na njaa yake. Kila moja inakata sehemu. Gunia likifika sokoni limeshaliwa mara tatu kabla ya kupikwa.

Na mnakumbuka Februari 2024, vita ilipokata barabara ya Sake kwenda Minova. Hapo hapakuwa na ukame. Chakula kilikuwa kinaoza upande huu, Goma inalia bei. Watu na magunia wakahamia ziwani, kwenye maboti. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule, boti iliyotoka Minova ikazama mbele ya Kituku, imejaa kupita kiasi, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Kuna waliokufa mnaowajua. Sitasema zaidi. Ziwa lilikuwa tulivu siku ile. Nani alaumu mbingu?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga baadaye. Mvua inabadilika, ninaamini, na mtoto wa Bweremana hana mkono katika moshi wa viwanda vinavyoibadilisha. Tutadai haki hiyo kwa wenye viwanda. Lakini mtu mwenye bariyeri asije kujificha nyuma ya wingu. Mbingu ikifunga, mtu anabaki na njia chache: kula akiba, kununua kwa jirani, kuhama kwa muda. Vita na bariyeri zinaziba hizo zote. Hapo ndipo kipindi cha jua kinageuka kuwa njaa.

Harakati yetu inapendekeza mambo ambayo tunaweza kuanza bila kungoja mfadhili.

La kwanza ni dogo hadi mtacheka. Tupime mvua. Chukua chupa ya plastiki yenye mwili ulionyooka, kata juu, pindua kile kichwa kiwe kama mrija wa kumiminia, mimina maji kidogo chini yafunike sehemu isiyo sawa, weka alama: hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Iweke mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na kila asubuhi saa moja soma milimita, andika katika kaye, mwaga ya mvua, rudi kwenye sifuri. Milimita moja ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Paa la mabati la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 600, bidoni 30, hata kama mabati yatapoteza kidogo. Ninajua vijana wawili hapa wana diploma na hawana kazi, kama mimi. Muda tunao. Tukiwa na kaye ya misimu mitatu kutoka Bweremana, Kirotshe, Shasha, siku mkubwa atakaposema "ni ukame", tutafungua ukurasa. Kama ni kweli, tutasema ni kweli, tutadai mbegu. Kama mvua ilinyesha, atueleze kitu kingine. Si lazima tungoje watu wa miaka 500 ijayo waje kuchimba matope ya Kivu ndipo ijulikane.

La pili ni gumu zaidi. Tunaandika barua, kwa administratera wa territoire, kwa shefferie, na kwa kila mwenye silaha anayejiita mamlaka, yeyote atakayekuwa ameshika barabara siku barua itakapofika: chakula na mbegu vipite bila malipo katika miezi ya kupanda na miezi ya njaa. Hatuombi vita iishe kwa barua. Tunaomba gunia la mbegu lipite. Tutahesabu bariyeri, moja moja, kila mahali zilipo na kiasi wanachochukua, bila kuandika jina la mtu aliyetuambia. Hilo la majina ninalirudia kwa wale wanaorekodi kwa simu: zimeni wakati wamama wanaongea. Kuna watu wameshakamatwa kwa maneno madogo kuliko haya.

Na akiba. Kuna wamama hapa waliwahi kuwa na stoku ya pamoja ya maharagwe, kila mmoja anaweka ndoo moja wakati wa mavuno. Iliporwa. Nimeambiwa hawataki kuianza tena, na ninawaelewa. Sina jibu kwa hilo, nimekuja pia kusikiliza.

Nimesema mengi. Yule mama aliyesimama karibu na mlango tangu mwanzo, na mtoto mgongoni, mpeni kiti, na aanze yeye. Ninafikiri ana la kunisahihisha kuhusu ile stoku.